Labour: Ulinzi Wapanda, Misaada Yashuka

Chama cha Labour cha Uingereza kiliingia katika uchaguzi wa 2024 na ahadi mbili: ulinzi upate asilimia 2.5 ya pato la taifa, na misaada ya nje irudi asilimia 0.7, hali ya fedha ikiruhusu. Haikuruhusu, bila shaka. Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer aliipangia ahadi ya kwanza mwaka, 2027, na kuigharamia kwa kupunguza misaada kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Waziri wa maendeleo, Anneliese Dodds, akajiuzulu. Tishio la Urusi linalosukuma ongezeko hilo la ulinzi ni la kweli, silipuuzi. Ila wizara zetu za afya zinazoitegemea London zianze sasa kutafuta fedha kwingine.