Msimu wa Rekodi na Homa ya Malaria
(Mazungumzo na vijana wa timu za Tindiga, wilaya ya Kilosa)

Mmeniomba nizungumzie rekodi, maana ligi inakaribia na kila mshambuliaji ameshaanza kuhesabu mabao kabla hajafunga hata moja. Nitaanzia mbali kidogo, Marekani.

Wenzetu kule wana mpira wao wenye umbo kama yai, unaobebwa mkononi. Yupo mchezaji ambaye kazi yake kubwa ni kuupokea na kukimbia nao, huku mijitu ya kilo 100 na zaidi ikimrukia imwangushe. Umbali anaosonga mbele hupimwa. Mwaka 1984 Eric Dickerson alifikisha yadi 2,105 katika mechi 16, na miaka 40 baadaye hakuna aliyekuwa amempita kwa msimu mmoja. Ukigeuza kuwa mita, hazifiki 2,000. Najua mnacheka. Mama anayetoka shambani na mzigo wa mpunga kichwani anazimaliza kabla ya chai! Lakini Dickerson alizipata kwa kubeba mpira mara 379, na karibu kila mara aliishia chini.

Mwili una hesabu yake. Terrell Davis alibeba mpira mara 392 mwaka 1998, akapata yadi 2,008. Mwaka uliofuata, kwenye mechi ya nne tu, goti likaharibika. Katika miaka mitatu baada ya msimu ule wa sifa alicheza mechi 17 za ligi, basi.

Sasa turudi nyumbani. Filbert Bayi, kijana wa Karatu, alikuwa na miaka 20 alipokimbia mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974. Aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker wa New Zealand alimfuata nyuma kidogo tu. Mei 1975, Jamaica, Bayi akavunja na rekodi ya maili. Dunia nzima ikangoja Olimpiki ya Montreal ya 1976, Bayi na Walker wakutane.

Hawakukutana. Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziligoma, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu. Hilo wengi wanalijua. Lisilosemwa sana ni kwamba karibu na michezo ile Bayi alikuwa ameugua malaria. Mtu aliyekuwa ameweka rekodi mbili za dunia, na mbu hakumwuliza.

Goti likiumia kila mtu anaona. Malaria je? Vijidudu vyake huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, na chembe hizo ndizo zinazobeba hewa ya oksijeni kupeleka kwenye misuli. Ndiyo maana unakimbia dakika kumi tu, miguu inakuwa mizito, wenzako wanasema eti unategea.

Hapa kwetu, masika maji yakituama mashambani, tunajua wenyewe. Kijana anaamka na homa, fainali ni saa kumi. Anameza Panadol mbili, anaingia uwanjani. Hapo nakasirika, nisiwafiche. Panadol inashusha joto, vijidudu inaviacha palepale. Tena kuna bandama, iliyo upande wa kushoto chini ya mbavu. Malaria huifanya ivimbe, na bandama iliyovimba ikipigwa goti au kiwiko inaweza kupasuka. Damu inavujia ndani, na mtu anaweza kufa.

Ukiwa na homa nenda zahanati siku hiyohiyo. Watakutoboa kidole, na kwa kipimo cha haraka majibu hayachukui hata nusu saa. Ukipewa dawa ya mseto, meza siku zote tatu hata kama umepata nafuu siku ya pili. Homa ikishaisha, damu bado inajijenga, kwa hiyo usirudi mazoezini kwa pupa. Muulize mganga lini uanze, hasa kama mchezo wenu ni wa kugongana. Na chandarua kile chenye dawa si cha kufunikia miche ya mboga!

Manahodha, kabla ya kugawa jezi Jumapili, muulizeni kila mmoja kama amelala na homa. Akisema ndiyo, mpeni jezi wa akiba. Haya, maswali. Nianze na dada pale nyuma.