Baiskeli ya mabomba ya plastiki: tulichojifunza ilipovunjika

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika)



Nimeombwa nitoe taarifa juu ya mradi wa baiskeli za mabomba ya plastiki. Wengi wenu mliona picha katika jarida letu: mzee wetu mmoja ameketi kwenye baiskeli nyeupe ya magurudumu matatu, na washarika wanapiga makofi nje ya kanisa. Picha ile ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa taarifa kamili. Leo naomba niikamilishe.

Marafiki wa ng'ambo walitutumia michoro ya baiskeli ya kukanyaga ambayo fremu yake ni mabomba ya maji ya PVC. Tuliipenda mara moja. Mabomba hayo yanauzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Yanakatwa kwa msumeno wa mkono na kuunganishwa kwa gundi, bila umeme wala mashine ya kuchomelea. Vijana wa karakana yetu walijenga moja. Wakahamisha pedeli kutoka miguuni hadi kifuani ili izungushwe kwa mikono, maana mzee tuliyemkusudia alipooza miguu utotoni kwa polio.

Mwezi wa tatu wa matumizi, akiteremka kwenda sokoni, bomba lilikatika pale lilipoungana na usukani. Mzee alianguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Ndugu zangu, mtu ambaye miguu yake haifanyi kazi, mikono ndiyo miguu yake. Kwa wiki nyingi hakuweza hata kujivuta kutoka kitandani bila msaada. Nilipokwenda kumtazama hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba tulimpima yeye, lakini hatukuipima njia anayopita. Maneno hayo sijayasahau.

Tulikaa na mafundi tukachunguza. Kosa halikuwa la vijana, walifuata mchoro. Kosa lilikuwa letu sisi wasimamizi, kwa kutouliza plastiki ina uwezo gani.

Kwanza, chuma ni kigumu kupinda kuliko PVC kwa zaidi ya mara 50. Unaweza kufidia kwa kutumia bomba nene: kipenyo kikiongezeka mara mbili, na ukuta wa bomba ukibaki ule ule, ugumu wa kupinda huongezeka mara nane hivi. Lakini fremu inakuwa kubwa, na bado haiwi chuma.

Pili, joto. PVC hulegea kabisa kwenye nyuzi joto 80 hivi, na nguvu zake huanza kupungua mapema zaidi. Tena bomba lililobeba mzigo siku nzima hupinda polepole lisirudi. Miale ya jua nayo hulifanya likauke na kupasuka kwa urahisi.

Tatu, maungio. Gundi ya mabomba imetengenezwa kwa ajili ya bomba lililotulia ukutani au ardhini, likibeba maji. Barabara yetu ya mashimo inalipinda na kulisokota bomba maelfu ya mara, na ufa huanzia pale pale ukingoni mwa kiungio.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hatukuutupa mradi, tumeugeuza. Fremu, uma wa mbele, ekseli na sehemu ya pedeli sasa ni chuma, kutoka baiskeli kuukuu na mabomba ya chuma yanayochomelewa mjini. Plastiki tumeiachia kazi inayoiweza: mgongo wa kiti, fremu ya turubai la kukinga jua na mvua, na kapu la mizigo. Hayo yakipasuka, mtu haanguki.

Nawaonya pia vijana wanaopenda kukunja mabomba haya: msiyaweke kwenye moto. PVC ikiungua hutoa hewa yenye tindikali inayodhuru mapafu. Jazeni bomba mchanga wa moto, mahali penye hewa, kisha likunjeni taratibu.

Jambo kubwa zaidi si chuma wala plastiki. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya magurudumu kwa nchi zenye uwezo mdogo. Mwongozo huo unasisitiza kwamba mtumiaji apimwe, kiti kimkae sawasawa, afundishwe kukitumia, na afuatiliwe baadaye. Nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake. Kwa hiyo usafiri wa mtu huyu ni haki yake. Hatuwezi kumpa chombo dhaifu tukasema ashukuru kwa kuwa amepewa bure.

Nina maombi matatu.

Kamati za sharika: kabla ya kuleta jina la mtu, tembeeni naye njia anayopita kila siku. Andikeni palipo na mteremko, mchanga au daraja bovu.

Kila usharika umteue fundi baiskeli mmoja wa karibu. Akague breki, mnyororo na maungio kila mwezi, na aandike kwenye daftari. Alipwe kwa kazi hiyo.

Wafadhili wetu: msituulize tu tumetengeneza baiskeli ngapi. Tuulizeni ngapi bado zinatembea baada ya mwaka mmoja. Swali hilo litatusumbua, na ndiyo faida yake.

Mzee wetu amepona. Baiskeli yake mpya ni nzito kuliko ile ya kwanza, na amelalamikia uzito huo kwenye kilima cha shuleni. Mafundi wanatafuta gia ndogo zaidi. Safari hii, kabla ya kumkabidhi, tuliteremka naye kwanza hadi sokoni.