Gazeti Lililozaliwa Mombasa

Wazee wetu watukufu, na ndugu wanachama wa Garsen na pande zote za Mto Tana, twawaombeni masikio yenu kwa habari ya gazeti moja.

Mwaka 1902, Bwana A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara wa Kihindi, alianzisha Mombasa gazeti la African Standard, likitoka mara moja kwa juma. Mwaka 1905 aliliuza, nalo likaitwa East African Standard. Mwaka 1910 liliifuata reli hadi Nairobi, likawa la kila siku. Limepita vita vikuu viwili, na hata leo lingali latolewa kwa jina la The Standard.

Kwa miaka mingi lilinena kwa Kiingereza, na kwa ajili ya walowezi. Mwaka 1939 wenyewe walitoa Baraza, gazeti la Kiswahili la kila juma, Bwana Francis Khamisi akiwa mhariri wake. Hapo Mwafrika asiyejua Kiingereza akapata pa kusoma na pa kupeleka barua.

Lakini wino si ushahidi. Tarehe 3 Machi, 1959, mahabusi 11 walipigwa hadi kufa huko Hola, katika nchi yetu hii ya Tana. Taarifa ya kwanza ambayo serikali ya kikoloni iliwapa waandishi ilisema wamekufa baada ya kunywa maji. Baadaye ndipo uchunguzi ulipodhihirisha majeraha ya kipigo. Sisi tunywao maji ya mto huu tungaliweza kuuliza swali, lakini hakuna aliyetuuliza.

Twafunzwa nini? Gazeti ni kama mtumbwi: huvusha kilichopakiwa. Asiyepakia neno lake, atasemewa na mwingine. Tena mwaka 2012, ugomvi wa ardhi, maji na malisho ulipoua watu wengi katika delta yetu, tulijua sote jinsi uvumi uwezavyo kuitangulia habari.

Kwa hiyo twashauri chama kiweke daftari. Mafuriko yakija, au ugomvi ukitokea, iandikwe siku, mahali, hesabu, na walioona kwa macho. Kisha barua isipelekwe gazetini kabla ya kusomwa mbele ya mkulima na mfugaji pamoja, kila mmoja apate kusahihisha.

Wazee, shauri ni lenu, kalamu tunayo. Wasalaam.