Vifo vya Wazee Wakati wa Joto Kali

Idadi ya vifo vya wazee katika kipindi fulani haisemi mengi mpaka ilinganishwe na ya kipindi kama hicho cha miaka iliyotangulia. Nchini Ufaransa, watafiti walichukua vifo vya tarehe 1 hadi 20 Agosti 2003, siku za joto kali, wakavilinganisha na wastani wa siku hizo hizo za 2000 hadi 2002. Vilizidi kwa takriban 15,000. Wengi wa marehemu walikuwa na miaka 75 au zaidi. Hatari ilikuwa kubwa kwa wakazi wa vyumba vya juu kabisa, chini ya paa.

Ilidaiwa kwamba joto liliwawahi tu waliokuwa mahututi. Dai hilo ni la kikatili, na takwimu hazikuliunga mkono: miezi iliyobaki ya 2003 vifo havikushuka chini ya kawaida kiasi cha kufidia ongezeko la Agosti.

Mwaka 2004 serikali iliweka mpango wa tahadhari, manispaa zikiandikisha wazee wanaoishi peke yao. Joto liliporudi Julai 2006, makadirio yalionyesha kwamba vingetokea vifo vya ziada zaidi ya 6,000. Vilivyotokea vilikuwa 2,000 hivi.