Kisu Mfukoni mwa Katekista



Katekista mmoja ametuandikia barua yenye swali ambalo huenda wengine wangelicheka. Yeye hutembea na kisu kidogo cha kukunja mfukoni. Dominika moja, alipopiga magoti, kisu kilidondoka sakafuni, na baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa akamwambia mbele ya watu kwamba mtu wa Mungu hatembei na silaha. Katekista anauliza: Je, nimekosa? Na kama sikukosa, nichague kisu cha namna gani nisije nikawakwaza watu tena?

Sisi hatukucheka. Mfukoni mwetu, hapa tunapozungumza nanyi, kimo kisu. Na kabla ya hiki tulikuwa na kingine, ambacho tutawasimulia habari zake ingawa si za kujivunia.

Anayezungukia vigango kwa baiskeli anajua kisu ni cha nini. Fundo la kamba ya mzigo limekaza. Utambi wa mshumaa wa altare umerefuka na kutoa moshi. Boksi la vitabu vya nyimbo limefungwa kana kwamba halikukusudiwa kufunguliwa. Mwaka juzi, tukiwa njiani kwenda kigangoni, tulimkuta mama aliyepakiwa nyuma ya baiskeli, pindo la khanga yake limemezwa na mnyororo, na mbeleko ya mtoto inavutwa pamoja nalo. Mumewe alikuwa akivuta kwa mikono miwili bila kufaulu. Kisu kiliikata khanga ile kwa muda mfupi kuliko tunaoutumia kulisimulia jambo hili. Mama alishukuru, kisha akaisikitikia khanga yake, na kweli ilikuwa mpya.

Kwa kazi za namna hiyo, bapa la sentimita sita au saba latosha. Linakata chungwa, mkate, kamba na tawi la mtende la Dominika ya Matawi. Kabla hujalipa, kifungue kisu mwenyewe, ushike bapa kwa vidole viwili na kulitikisa taratibu. Likicheza dukani, baada ya mwezi halitakuwa na kiungo tena. Uangalie pia kama lina kizuio cha kulishikilia likiwa wazi, maana kisu kinachojifunga chenyewe humfungia mtu vidole vyake. Joseph Opinel, fundi wa Savoie huko Ufaransa, alianza kutengeneza visu vyake vya mpini wa mti mwaka 1890, lakini ni mwaka 1955 tu visu hivyo vilipowekewa pete ya chuma ambayo mtu huizungusha ili bapa lisirudi. Wakulima walikuwa wamesubiri miaka mingi, na bila shaka vidole vingi vililipa gharama ya kusubiri huko.

Bapa la chuma cha pua kisichoshika kutu linafaa zaidi kwetu sisi tunaotokwa jasho na kunyeshewa mvua. Lile linaloshika kutu hunoleka kwa urahisi, lakini ukilimenyea chungwa na kulikunja bila kulifuta, kesho utalikuta na madoa. Kiungo kipe tone la mafuta ya cherehani, wala si mafuta ya kupikia, kwa kuwa hayo huganda na kushika vumbi. Na kinoo kitumike. Watu hudhani kisu butu ni salama, kumbe ndicho kinachojeruhi, kwa sababu mkono hukilazimisha, nacho huteleza. Mhubiri, katika sura ya kumi, ameliona jambo hilo zamani: chuma kisiponolewa, mtu hana budi kuongeza nguvu.

Lipo shauri moja ambalo tunaliweka juu ya hayo yote. Usinunue kisu kinachochomoka kwa kubonyeza kitufe. Kisu cha namna hiyo kimetengenezwa kwa ajili ya haraka, na chungwa halikimbii.

Tunalijua hilo kwa sababu tulikinunua. Miaka mingi imepita tangu tuibiwe katika kituo kimoja cha mabasi mfuko uliokuwa na fedha za semina ya makatekista. Hatukupigwa, hatukujeruhiwa, tuliaibishwa tu. Juma lililofuata tulikwenda sokoni, tukanunua kisu chenye kitufe, bapa lake likiwa refu kuliko upana wa kiganja. Muuzaji hakutuuliza tunataka kukata nini, wala sisi hatukujiuliza. Kwa muda wa miezi mitatu kisu kile hakikumenya hata chungwa moja. Lakini mkono ulikuwa daima mfukoni, na tulianza kuwatazama watu mikono kabla ya kuwatazama nyuso. Hata waumini waliotujia baada ya Misa kutusalimu.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Tulikuwa tukitoka kanisani kuelekea nyumbani kwa mapadre, tukasikia nyayo za mtu anayekimbia nyuma yetu. Kidole kilibonyeza chenyewe. Tuligeuka, na bapa lilikuwa limekwisha kutoka, limeelekea kifuani pa mtu.

“Baba Paroko, ni mimi!”

Alikuwa katekista wa kigango cha mbali. Baiskeli yake ilitoboka njiani, naye alikuja kwa miguu gizani kutuita tukampake mafuta jirani yake mgonjwa. Tulikikunja kisu, tukachukua mafuta matakatifu, tukaondoka naye kwa pikipiki. Njia nzima hakusema neno. Alitushikia taa tulipokuwa tukimpaka mgonjwa mafuta, akaitikia sala zote kwa sauti yake ya siku zote. Tulipotoka nje ndipo aliposema, kwa upole, kama mtu anayeuliza saa ya Misa: “Baba, ungenichoma?”

Hatukumjibu. Tumepata miaka mingi ya kutafuta jibu, na tulilo nalo ni hili tu: kama angechelewa kusema, hatujui.

Ndugu wapendwa, Injili zote nne zinatueleza kwamba katika bustani ile, usiku wa kukamatwa kwa Bwana, sikio la mtumishi wa Kuhani Mkuu lilikatwa. Yohane peke yake ndiye anayetutajia majina, Petro na Malko. Na Luka peke yake anatuambia kwamba Bwana aliligusa sikio lile na kuliponya. Luka anaeleza pia kuwa wanafunzi walionyesha panga mbili wakiwa bado mezani. Kwa hiyo yule mzee wa kanisa ajue kwamba hata kwenye Karamu ya Mwisho chuma chenye makali kilikuwapo. Kuwapo kwake hakukuivunja Karamu. Balaa lilitokea baadaye, hofu ilipoingia.

Seminarini tulifundishwa jambo dogo la lugha ambalo wakati ule tulilihifadhi kwa ajili ya mtihani tu. Neno la Kigiriki ambalo Injili inalitumia kwa upanga wa Petro ni makhaira. Neno hilo hilo, katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, ndilo linalotumika kwa kisu alichochukua Abrahamu kwenda nacho mlimani pamoja na Isaka, na kwa visu vya mawe vya Yoshua. Neno ni moja. Sisi tunaofasiri ndio tunaoandika mara kisu, mara upanga, kwa kutazama mkono uliokishika unafanya nini. Usiku ule wa umeme kukatika, mfasiri mwaminifu asingeandika kwamba paroko alikuwa na kisu.

Fundi mmoja wa Ibach, huko Uswisi, jina lake Karl Elsener, mwaka 1891 alianza kulipatia jeshi la nchi yake visu vya kukunja. Askari alihitaji kufungua makopo ya chakula na kulegeza skurubu za bunduki yake ili aisafishe. Hata kisu cha askari, basi, kilifikiriwa kwa ajili ya kopo na skurubu. Na kwetu misheni palikuwa na padre aliyenunua cha kumwelekezea katekista.

Kisu kile kirefu tulimpa mpishi. Aling'oa springi, akakitumia kukatia mchicha. Hiki tulicho nacho sasa alitupa katekista yule yule siku tulipohamishwa parokia. Alikitoa katika karatasi, akatukabidhi mpini ukiwa umeelekea upande wetu, kama wazee walivyotufundisha sote.

Sasa tumrudie mwandishi wa barua. Mwalimu, hukukosa. Kisu chako kikae kimefungwa, chini kabisa mfukoni, au ukifunge kwa uzi ili kisidondoke tena wakati wa sala. Kiache nyumbani uendapo mahakamani, shuleni au mahali penye pombe. Ukisafiri kwa ndege, kiweke katika mzigo unaokwenda chini, maana tangu mashambulio ya Septemba 2001 huko Marekani visu haviruhusiwi mkononi. Sisi tulisahau, tukaacha kimoja ndani ya sanduku la uwanja wa ndege, na hakikuwa kibaya.

Na kuhusu yule mzee: usibishane naye. Watu husema mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama, lakini nyumbani kwetu, mbuzi alipochinjwa, mwenye kisu alikula mwisho, kwa kuwa ndiye aliyewakatia wengine. Jioni moja nenda kwake na machungwa mawili. Kaeni barazani. Toa kisu chako, menya, mkatie kwanza yeye, umpe habari za kigango. Kisha ukifute kisu, maana maji ya chungwa si rafiki wa chuma.