Mkokoteni ni wa Nani?



Leo tuzungumze juu ya watoto wetu walioko Mombasa. Karibu kila boma hapa lina mtu huko. Yeye hutuma pesa ya unga na ya karo, nasi tunapokea. Je, tumewahi kumwuliza anazipataje?

Tulitembelea Mji wa Kale, mtaa ulio karibu na ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Vichochoro vingi huko ni vyembamba, lori halipiti. Kwa hiyo vitu vingi hupelekwa na watu: muuza maji na mkokoteni wake, muuza madafu, mama wa viazi karai, na mzee wa kahawa.

Mzee wa kahawa hubeba dele lenye makaa chini yake, huku akigonganisha vikombe ili watu wajue amefika. Tulimwuliza mmoja, "Mzee, kazi hii yalipa?" Akacheka. "Yalipa kidogo, lakini dele ni langu. Siku nikiumwa nalala, hakuna anidaiye."

Mbele kidogo tukakutana na kijana wa maji. Mtungi wa lita 20 una kilo 20, naye alikuwa amepakia mitungi 20. Hizo ni kilo 400, jua la saa saba! Tukamwuliza swali lile lile. Akajibu, "Kabla sijala chochote, lazima nitoe ya mwenye mkokoteni. Hata biashara ikiwa mbaya, tajiri anataka yake." Ameuvuta mkokoteni huo miaka 4, na bado si wake.

Haya, tupige hesabu kwa mfano. Tuseme kodi ni shilingi 100 kwa siku, na kazi ni siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 2,600 kwa mwezi, na 31,200 kwa mwaka. Tuseme mkokoteni mpya ni 26,000. Mnaona? Kwa miezi 10 tu kodi imefikia bei ya mkokoteni.

Tulipoeleza haya mahali pengine, baba mmoja alisema, "Huyo kijana ni mjinga, mbona haweki akiba?" Mama mmoja akamjibu, "Akiba yake ndiyo ile tunayokula hapa." Watu wote wakanyamaza.

Basi tufanyeje? Watu 10 wakitoa shilingi 50 kila siku ya kazi, kwa mwezi wanapata 13,000. Kila miezi 2 wananunua mkokoteni mmoja, na baada ya miezi 20 kila mmoja ana wake. Lakini jamani, tuwe macho. Wa kwanza akishapata, huenda akaacha kuchanga. Kwa hiyo katiba ya kikundi iseme wazi: mikokoteni yote ni mali ya kikundi mpaka wa mwisho apate. Pesa zikae benki, wenye kutia sahihi wawe watatu. Kiasi fulani kiwekwe kando kwa tairi na leseni. Tena kikundi kiandikishwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kufuatana na sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022.

Nasi wa nyumbani tuna sehemu yetu. Kijana akiomba tupunguziwe kidogo kwa muda ili achange, tusimwite mchoyo. Tunamsaidia awe kama yule mzee wa kahawa, mwenye chombo chake mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Katika kijiji chetu, ni nani hutumia chombo cha kukodi: baiskeli, bodaboda, cherehani, jembe la ng'ombe?
2. Kwa mwaka mmoja hulipa kodi kiasi gani? Pigeni hesabu pamoja naye.
3. Kikundi chetu kinaweza kuanza na chombo kipi, na lini?