Nyonga Iliyoteguka Haingoji Kamera



Nimeitwa kuzungumzia upasuaji wa nyonga wa matundu madogo kwa watu walioumia ajalini. Najua wengi mmekuja kusikia habari za kamera inayoingizwa ndani ya kiungo huku daktari akitazama skrini. Nitafika huko, ila nitachelewa makusudi. Kwanza tuteremke pamoja kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay.

Kilomita 66 hizo tulizijua zikiwa vumbi kiangazi na matope masika. Leo ni lami. Inatoka kwenye milima ya Wamatengo, kwenye miteremko ya kahawa na mashimo ya kilimo cha ngoro, ikashuka mpaka Ziwa Nyasa, ambako maji yako kwenye mwinuko usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari. Lami ni neema, kwa kahawa na kwa mama mjamzito. Lakini teremko refu lenye kona na lami laini halimsamehe mwenye haraka. Chukulieni gari dogo limekutana uso kwa uso na lori konani. Abiria wa mbele amekaa, magoti yamekunjwa, na goti lake linagonga dashibodi. Nguvu ile haiishii gotini. Inapanda na mfupa wa paja, inakisukuma kichwa cha mfupa kitoke kwenye kikombe chake kwa nyuma. Katika kila nyonga kumi zinazoteguka, takribani tisa hutoka kwa njia hiyo ya nyuma.

Mtazameni huyo abiria akiwa amelazwa kando ya barabara. Mguu umekuwa mfupi, nyonga imekunjwa, goti limegeukia ndani kama la mtu anayeona haya. Sasa mtazameni bibi wa Liuli, kule ziwani, aliyejikwaa kizingitini akavunjika shingo ya paja. Wake pia umekuwa mfupi, lakini unyayo umelalia nje. Ndani na nje: kwa tofauti hiyo, dereva wa bodaboda au mwenyekiti wa kitongoji anaweza kutoa taarifa ya maana kwa simu kabla daktari hajamwona mgonjwa. Eksirei itathibitisha baadaye.

Kwa nini tuharakishe? Kichwa cha paja hulishwa na mishipa myembamba ya damu inayopanda kuzunguka shingo ya mfupa. Kichwa kikitoka mahali pake, mishipa hiyo huvutika na kujipinda, na mfupa huanza kukosa damu. Tunafundishwa kwamba kiungo kirudishwe ndani ya muda wa saa sita, na kila saa inayozidi huongeza hatari ya kichwa kile kufa. Hakifi kwa kelele. Mgonjwa hupona, hutembea, hurudi shambani, kisha mwaka mmoja au miwili baadaye kichwa kinaanza kubonyea na maumivu yanaanza upya. Nyuma ya kiungo hicho unapita mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, nao ukikandamizwa, mguu hulegea kifundoni na kuburuta vidole.

(Nikisema saa sita, nahesabu tangu ajali ilipotokea. Lugha yetu ina mtego hapo. Niliwahi kumwambia kijana mmoja kwamba tuna saa sita, naye akanijibu kwa utulivu kabisa kuwa adhuhuri bado iko mbali.)

Basi upasuaji mdogo kuliko wote wa nyonga ni ule usiotumia kisu. Mgonjwa amelala chali kwenye machela iliyoshushwa, amepewa dawa ya usingizi, misuli imelegea. Msaidizi anakandamiza nyonga zote mbili kwa viganja. Daktari anavua viatu, anapanda machelani na kusimama akimwinamia mgonjwa, anaukunja mguu mpaka goti na nyonga vifanye pembe mraba, anashika nyuma ya goti kwa mikono miwili, kisha anavuta kwenda juu bila pupa, kama mtu anayeng'oa muhogo na hataki ukatikie ardhini. Anazungusha kidogo huku, kidogo kule. Mara kinasikika kishindo kizito, na mguu unarefuka mbele ya macho ya kila aliyemo chumbani. Njia hii inaitwa kwa jina la Allis, daktari wa Philadelphia wa karne ya 19. Haihitaji kamera wala skrini. Inahitaji dawa ya usingizi na mtu anayejua kuitumia, eksirei moja, na daktari aliyewahi kufundishwa. Hospitali za Litembo milimani, Liuli ziwani na Peramiho karibu na Songea ziko karibu na abiria wetu kuliko taasisi yoyote ya mifupa.

Sasa kamera. Mwaka 1931 Burman wa New York alichungulia viungo vya maiti kwa bomba lenye lenzi, nyonga ikiwemo. Mwaka 1939 Takagi wa Japani aliandika juu ya nyonga za wagonjwa walio hai. Leo mguu huvutwa kwenye meza maalumu mpaka kiungo kiachane kidogo, na matundu mawili au matatu, kila moja chini ya sentimita moja, hutosha. Kwa aliyeteguka, kazi kubwa ya kamera ni kuondoa vipande vya mfupa na gegedu vilivyonasa ndani. Kipande kama punje ya mchele husaga kiungo kama mchanga unavyosaga beringi. Lakini kiungo hutanuliwa kwa maji, na kikombe kikiwa na ufa, maji hayo yanaweza kupenya mpaka tumboni, mgonjwa akaharibikiwa mezani. Tundu dogo si ajali ndogo. Kazi hii ni ya mahali kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya 1996, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea. Nyonga iliyokwisha kurudishwa inaweza kusafiri umbali huo. Iliyo nje haiwezi.

Kwa bibi yetu wa Liuli, kama mfupa haukuhama, skrubu tatu hupitishwa kwenye ngozi kwa jeraha fupi kuliko kidole gumba. Lakini daktari lazima aone ndani wakati anakaza, kwa mashine ya eksirei yenye mkono uliopinda kama mundu. Mashine ile ni ghali, na ikiharibika fundi hutoka mbali.

Hapo ndipo ninapomheshimu Lewis Zirkle. Alikuwa daktari wa jeshi la Marekani huko Vietnam, na mwaka 1999 alianzisha shirika la SIGN. Vyuma vyao vya ndani ya mfupa vina kifaa cha nje kinachomwonyesha daktari tundu la skrubu liko wapi, hata kama hana mashine ile. Vyuma hutolewa bure, na hospitali hurudisha picha na taarifa za kila mgonjwa. Vilibuniwa kwa mfupa mrefu wa paja na wa muundi, baadaye vikafika karibu na nyonga. MOI wamevitumia kwa wingi, na kwa paja lililovunjika, kumlaza mtu wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito kunaweza kugharimu zaidi ya kumwekea chuma. Kitanda nacho kina bei, ingawa hatukioni kwenye orodha ya vifaa.

Nikiri kosa langu. Nikiwa daktari kijana katika hospitali ambayo sitaitaja, nililetewa mtu aliyeteguka nyonga. Kijijini alikuwa amekandwa kwa mafuta na mzee aliyemtakia mema, na hakuna aliyeniambia kwa muda gani. Karatasi ya rufaa ilikuwa na jina, umri, kijiji na mhuri. Nikadhani ajali ni ya asubuhi ile, nikamngoja mpiga eksirei arudi kutoka chakula cha mchana. Ajali ilikuwa ya jana yake jioni.

Wazee wangu mnaounga mifupa, sijaja kuwagombeza. Mguu uliofupika ghafla baada ya ajali msiukande, mleteni hospitali. Nanyi wauguzi na waganga wa zahanati, kuanzia Mbinga hadi Lituhi na Liuli, nawaomba jambo moja ambalo halihitaji bajeti. Juu kabisa ya karatasi ya rufaa, kabla ya jina la mgonjwa, andikeni saa aliyoumia.